Darasa Lililofaulu Kupita Kiasi

Mwalimu Smaranda alikuwa amechoka na milango ya chuma. Kila mlango wa gereza lile ulikuwa na askari wake, na kila askari alikuwa na swali lile lile la jana. Kisomo cha watu wazima kililipiwa na serikali: mshahara wa mwalimu, serikali ilipokumbuka, na vitabu. Joto la darasani halikuwa jukumu la idara yoyote, kwa hiyo halikuwapo, na Smaranda alifundisha na koti mwilini tangu majani yalipoanza kupukutika.

Wanafunzi wake walikuwa wanaume wanane wasiojua a wala be. Aliyefaulu alipunguziwa siku za kifungo, na wengi walikuja kwa ajili hiyo, nani angewalaumu? Toader Hriscu hakuja kwa ajili ya siku. Alikuwa mchunga kondoo wa milimani. Tajiri mmoja wa mbao alimletea karatasi, naye akaweka dole gumba, kumbe amekiri kwamba msitu mzima kaufyeka yeye.

"Mwalimu," alisema siku ya kwanza, "nikitoka hapa, mtu akiniletea karatasi nitamwambia, kaa hapo kwanza, nisome."

Tangu hapo alisoma silabi kwa silabi, akitokwa jasho kama anayepasua kuni.

Karibu na Noeli zikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu atakuja kuamua kama darasa litaendelea mwakani. Smaranda aliwaambia kila mtu asome kadiri ya uwezo wake, basi. Asubuhi ya ukaguzi, mmoja wa wale wanane, Anghel, akamsogelea huku akijisugua mikono. Kijijini kwake Anghel ndiye aliyeongoza waimbaji wanaopita nyumba kwa nyumba usiku wa Noeli, nyimbo ndefu zisizo na mwisho, na hajapata kuuona hata mmoja umeandikwa. Kwao wimbo huingia kwa sikio: mmoja anatoa, wengine wanapokea.

"Mama, leo tutakutoa kimasomaso," alinong'ona. "Jamaa wa selo ya pili alinisomea kitabu chote. Nami nimewafundisha hawa kama nyimbo. Kila mtu ana ukurasa wake, kwa ghibu! Ila huyu mbishi Toader."

"Mimi sikuja kuimba," Toader alisema.

"Anghel, mmefanya nini?" Smaranda aliuliza, lakini mlango ukafunguliwa.

Mkaguzi, Bwana Cernat, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na theluji mabegani na safari ndefu mbele yake.

"Chagueni wenyewe ukurasa wa kusoma, waungwana," alisema. "Sikuja kumtisha mtu."

Anghel akasimama, maneno yakamtoka bila kikwazo. Akafuata Costică, aliyekuwa akihesabu siku awahi ubatizo wa mjukuu wake, akasoma vizuri sana habari za sungura, kitabu chake kikiwa wazi kwenye picha ya treni. Wa tatu aligeuza ukurasa huku bado akiutamka. Mkaguzi alikuwa akiandika, akiitikia kwa kichwa kwa furaha.

Mwisho akasimama Toader.

"Mbwe. Ha. Mbweha. A-li... alii... alipanda..."

Mkaguzi alitazama saa. Toader alishika mstari kwa kidole, akaufuata hadi nukta, akainua uso akitabasamu. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa amesoma.

"Hongera, mama," mkaguzi alimwambia Smaranda. "Saba kati ya wanane! Mwanangu hasomi hivi."

"Basi darasa litaendelea?"

"Liendelee la nini? Hili ni la wasiojua kusoma, na hawa wanajua. Fedha tutazipeleka gereza lenye shida."

"Na Toader?"

"Huyo bado, maskini. Lakini serikali hailipi mwalimu kwa mtu mmoja. Wewe mwenyewe unajua."

Smaranda alifungua mdomo. Sentensi moja tu ingetosha: mpe Costică ukurasa mwingine. Lakini sentensi hiyo ingewanyang'anya saba siku zao na kuwaongezea kosa la udanganyifu. Alimtazama Toader, na Toader akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Akafunga mdomo. Alijichukia papo hapo.

Mkaguzi alipoondoka, hakuna aliyeshangilia.

"Mama, nimekuharibia," Anghel alisema. "Nimfuate nimwambie?"

"Ili Costică akose ubatizo wa mjukuu wake? Kaa chini."

"Toader, ndugu yangu, nisamehe."

"Wewe nenda nyumbani mapema, ukaimbe," Toader alisema bila kumtazama. "Mwalimu, kengele bado?"

"Bado."

"Basi tuendelee."

Smaranda akavuta kiti, akaketi karibu yake. Wale saba wakasogea nyuma yao, wakatazama herufi kana kwamba ndiyo kwanza wameziona siku ile. Toader alianza mstari mpya, na hapana aliyemsaidia. Alikuwa kwenye neno refu, amelipanda nusu, askari alipoingia na sanduku kukusanya vitabu vya serikali.

"Ngoja, afande," Toader alisema, "nimebakiza silabi moja."

Afande hakungoja.