Unywele Ndani ya Bawa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa yule luteni ni kifungo cha koti lake. Kilishonwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi.

"Huyo hana mke," mshonaji mwenzangu, Bi Hortense, alininong'oneza. "Wala mama yake hakai karibu."

Luteni alikuja karakana yetu ya ndege, mjini Issy, kukagua ndege ya upelelezi iliyoagizwa na jeshi. Yeye ndiye angepanda na rubani, achungulie chini na kuchora anachokiona. Sisi wanawake tulishona kitani cha mabawa, wanaume wakakipaka vanishi hadi kikakazika kama ngozi ya ngoma.

Luteni alipitisha kidole juu ya bawa la kushoto, akasimama.

"Kuna unywele humu."

Msimamizi wetu, Bwana Tavernier, akainama. Unywele ulilala chini ya vanishi, mrefu, mwekundu. Karakana nzima ikanigeukia, maana mwenye nywele nyekundu ni mimi tu.

"Solange, nipe mkasi uende kwenu," msimamizi akasema. "Na kitambaa chote kinabanduliwa."

Nikampa. Aliyenitetea ni Bi Hortense.

"Usimfukuze mtoto wa watu, bwana. Ni desturi ya washonaji. Ukishona gauni la bibi harusi, unaficha unywele wako kwenye pindo, na mwaka hauishi nawe umeolewa. Hapa magauni hayapo, mabawa tu. Afanyeje?"

"Aolewe na bata bukini," fundi mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko.

Luteni aligonga kitani kwa kidole, kikalia vizuri.

"Kitambaa ni kizima," akasema. "Mkikibandua nitasubiri tena, nami nimechoka kuchora farasi wa kambini. Kiacheni. Na binti abaki, ashone na bawa la akiba."

Bwana Tavernier alikohoa, akanirudishia mkasi.

"Mchumba ndiye huyo, mwanangu," Bi Hortense akasema, tena kwa sauti. "Na farasi anao." Uso wangu ukawa mwekundu kuzidi nywele.

Mchana ndege ilipaa. Tulitoka wote uwanjani, shingo juu, na wenzangu wakaniombea mume mwema. Niliitikia kwa kichwa tu.

Mimi sikuwa naomba mume. Sisi washonaji hatupandishwi kwenye ndege, nami nilitaka angalau kitu changu kimoja kifike kule juu.