Macho Mawili ya Bundi

Nilimwashia Orrin Tveit taa kubwa za gari usoni kwa makusudi. Alikuwa amesimama uani kwake kando ya darubini yake ya mbao, macho yamekwisha kuzoea giza, nami nikakata kona ya zizi na kuziacha zimpige sawasawa. Kwa watu wa kazi yetu hilo ni sawa na kumtemea mtu mate. Jicho hutaka nusu saa gizani ndipo lione vitu hafifu vya mbinguni, na taa moja nyeupe hulirudisha mwanzo papo hapo.

"Zima! Zima, mwanamke, una wazimu?"

"Samahani, Orrin. Nilidhani ni ng'ombe amesimama."

"Na mimi nilidhani ni polisi. Kumbe afadhali wangekuwa polisi."

Mimi ndiye mkaguzi wa klabu ya watazama nyota ya sehemu zetu za Nebraska, mwaka wa ishirini na sita huu. Mwanachama akivipata vitu vyote mia moja na kumi vya orodha ya kale, makundi ya nyota na mawingu yake, kwa mkono wake bila mota wala kompyuta, na akachora kila kimoja, hupewa beji ya shaba. Lakini kwanza mkaguzi huchagua mchoro mmoja, akaenda kwa mwenyewe, akainama kwenye darubini ile ile. Akikiona kilichochorwa, anatia saini. Asipokiona, daftari zima linaanguka. Orrin alikuwa amehangaika na lake miaka saba.

Nilichagua Bundi, lile wingu dogo la duara lililo chini ya kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Orrin alikuwa amelichorea macho mawili meusi, safi kabisa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimelitafuta kwa darubini yangu yenye kioo cha inchi kumi, nisione jicho hata moja. Yeye na inchi zake nane ameyaona wapi, kama si kwenye picha ya kitabu? Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuja kuifunga. Sitaficha kwamba nilifurahi. Mwaka juzi mtu huyu alisimama kwenye chakula cha klabu akasema Lavonne Kucera anaona kwa mdomo, na watu wakacheka huku wanatafuna.

Tukakaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, tukingoja macho yarudi. Theluji ya Machi ilikuwa imegeuka barafu chini ya viatu. Orrin akafungua chupa yake ya kahawa, akajimiminia, akaifunga.

"Ningekupa," alisema, "ila mkaguzi akinywa changu watasema hongo."

"Kunywa peke yako. Utaihitaji Jumamosi, beji zikitolewa na jina lako likirukwa."

Nusu saa ilipotimia akainuka, akaelekeza darubini, akaisogeza kidogo kidogo kwa kiganja hadi akaguna kwa kuridhika. "Yuko katikati. Haya, bibi mkaguzi."

Sikuinama. Nilikuwa na maneno ya siku nyingi na niliyataka yatoke kwanza. "Sema kweli kabla sijatazama. Ulinakili kitabu gani?"

"Rudia."

"Umesikia. Inchi nane haioni macho ya Bundi."

"Inchi nane haioni, au wewe huoni? Nimekaa kwenye baridi hii Februari mbili mpaka ndevu zikaganda! Nimemtazama usiku kumi na moja ndipo nikachora!"

"Hata mwizi huwa na bidii, Orrin."

Tulifokeana hivyo dakika tano nzima, mpaka mbwa akatoka chini ya trekta kuja kutazama. Kisha nikavua kofia, nikaweka jicho kwenye lenzi. Niliona kijivu. Kijivu kitupu, kama dirisha la jikoni wakati wa kupika. Lakini nilikuwa nimeshasema mno, na mtu aliyekuja kuhukumu hawezi kukiri kwamba haoni anachokihukumu.

"Namwona," nilisema. "Doa la duara, limefifia. Macho hayapo."

 Orrin alikuja polepole, akanisogeza kwa bega, akainama. Alikaa pale muda mrefu.

"Lavonne," alisema, na mara hii hakupiga kelele. "Humu hamna kitu."

Nikaelewa kabla hajamaliza, na moto ukanipanda shingoni. Darubini isiyo na mota haifuati nyota yenyewe. Dunia inazunguka, na kilichokuwa katikati ya lenzi hutoka ndani ya dakika moja au mbili usipoisukuma. Anayeanza hujifunza hilo siku ya kwanza, na mimi nimewafundisha wengi. Tulipokuwa tukitukanana Bundi alikwenda zake, nami nikaapa namwona mahali pasipokuwa na kitu. Nyani haoni kundule.

Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Nimemrudisha," alisema. "Mimi nasukuma, wewe tazama."

Nilitazama. Nilielekeza jicho pembeni kama inavyopasa, nikashika pumzi, nikagonga bomba la darubini kwa kidole ili kilicho hafifu kitikisike kionekane. Kijivu. Nikabadili jicho. Kijivu. Miezi saba nilikuwa nimekisafisha kioo cha darubini yangu mara tano, nikilaumu vumbi la mashamba, na sasa nilikuwa nimeinamia kioo cha mtu mwingine na vumbi lilikuwa lile lile. Niliogopa, niliogopa kweli.

"Simwoni," nilisema. "Simwoni kabisa."

"Tangu lini?"

"Agosti."

"Merle ulimnyima beji Novemba," alisema Orrin. "Ulimwambia mbele ya mkewe kwamba amechora ndoto. Merle hajagusa darubini tangu siku ile."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilikuwa na fomu mfukoni, na njia mbili rahisi: niandike nimeyaona macho, niwe mwongo mara ya pili usiku huo, au niandike sikuyaona, nimzike mtu mkweli. Nikaiweka juu ya ndoo. Orrin akanimulikia kwa tochi yake ya mwanga mwekundu, bila kuombwa na bila upole.

Niliandika kwamba mkaguzi hakuona kwa sababu macho ya mkaguzi yameharibika, aletwe mwingine. Nikaacha kalamu juu ya karatasi.

"Na Merle," alisema.

Nikaandika na Merle. Nikaandika kwamba Novemba nilihukumu nisichokiona. Nikatia saini, jina lote, nikampa.

Aliisoma akiishikilia karibu na tochi, midomo ikicheza.

"Umeandika nje ya mstari."

"Wapi?"

"Kote," alisema Orrin.