Kitanda cha Palizi

Mkamwana wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Siku anaolewa nilisema huyu hata jembe hajui linashikwa upande gani. Nilisema kwa sauti, asikie. Akasikia, akacheka, akaendelea kula. Nikajua nimeletewa kiboko yangu.

Mwaka huu nyonga ilinigomea. Kupanda nilipanda, nikijikokota, lakini palizi ni kazi ya kuinama kutwa, na mimi nikiinama ni mpaka watu waje kuninyanyua. Mwanangu mdogo, mume wa huyu fundi, anaendesha lori, nyumbani ni mgeni. Mkubwa ndiye aliyekuja na pikapu yake na maneno yake matamu.

"Mama, magugu yakilishinda shamba tena mara hii, tunalikodisha. Utakuja kukaa kwangu mjini. Chumba cha uani kipo."

Chumba chenyewe nakijua, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nikamwambia nimesikia. Alipoondoka nililia, sifichi.

Mkamwana alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akaja na futi yake, akaanza kupima kitanda changu cha chuma, nami nimekikalia.

"Unapima jeneza?"

"Napima reki, mama. Inuka kidogo."

Loo! Kitanda nilichozalia wanangu wote! Akanieleza taratibu. Kwa mteja wake mmoja ameona fremu pana yenye meno membamba yanayonesa, inaburutwa juu ya mahindi yangali machanga. Mizizi ya mahindi iko chini, inashikilia. Magugu ndiyo kwanza yanaota, yako juujuu, yanang'oka.

"Ukingoja uyaone vizuri, umeshachelewa," alisema. Tukaenda shambani, akafukua udongo kwa kidole. Nyuzi nyeupe, nyembamba, tele! Miaka yote hiyo nalima, sikuwahi kuyavizia magugu hata hayajatoa kichwa. Nikampa kitanda, akakifanya fremu na kukichomelea meno ya waya mgumu.

Asubuhi ya kazi, umande haujakauka, akamfunga punda wetu kwenye reki. Hakufika mbali nikasikia mahindi yanakatika, ta, ta, ta.

"Simamisha huyo punda! Simamisha!"

Alisimama mikono kichwani, machozi yanamchuruzika. "Nimekumaliza, mama. Nimekumaliza mimi mwenyewe."

Matusi yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliokota mche uliokatika, nikauminya, maji yakanichirizika vidoleni. Hapo hasira ikanishuka.

"Mwanangu, mahindi ya asubuhi yamejaa maji, ukiyagusa yanavunjika. Hata kwa jembe huwa nayaogopa. Ngoja jua liyalegeze."

Tukangoja. Mchana majani yalipolegea, akapitisha tena. Jamani! Mahindi yalilala chini ya meno, kisha yakainuka nyuma yake, yamejaa vumbi, mazima. Magugu yakabaki mizizi juu, na jua likayakausha palepale. Na yule binti hakukimbiza kazi. Penye udongo laini alisimama akashusha mawe aliyofunga juu ya fremu, penye ugumu akayarudisha, kila mara anapiga magoti kutazama meno yameingia kiasi gani. Nilimwangalia kutoka ukingoni, juu ya kigoda changu, moyo umenijaa. Nikasema huyu ni fundi. Nilisema kwa sauti, asikie.

Alipitisha tena magugu mengine yalipoanza kuchungulia, na tena. Baada ya hapo mahindi yenyewe yakatandaza kivuli, magugu yakakosa jua.

Mwanangu mkubwa alirudi mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Alikuja na pikapu tupu na kamba. Shambani hakupita, maana alishaamua. Aliingia moja kwa moja chumbani kwangu, akakuta godoro juu ya mbao alizonipangia mkamwana. Akatoka amekunja uso.

"Mama, kitanda kiko wapi? Nimekuja kukibeba."

"Kiko shambani."

"Shambani kinafanya nini?"

"Kinapalilia."

Alimtazama shemeji yake, akidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Shemeji yake akamwelekeza njia kwa kidole, maana mdomo ulikuwa umejaa kicheko. Akaenda. Alikaa huko kitambo, na aliporudi alikuwa anaikunja ile kamba polepole.

"Sasa utakuwa unalala wapi, mama?" akauliza kwa upole.

"Kwangu," nikamjibu.