Visigino vya Feza

Malembe alikuwa farasi jike mzee wa ferme, yaani shamba, ya ng'ombe iliyo jirani na kambi ya jeshi ya Base ya Kamina. Kwa Lingala jina lake ni "polepole", na lilimfaa. Kila Jumamosi Feza, mwenye miaka sita, alizungushwa uani juu yake huku Mama Émerence, daktari wa mifugo wa ferme, akishika kamba ndefu. Kanuni yake ilikuwa moja: asiyeweza kusimamisha farasi hafunguliwi kamba.

Feza hakuweza. Kutembea alijua, kugeuka alijua. Lakini kila walipofika langoni na kuambiwa asimame, Malembe aliongeza mwendo.

"Mbuzi ya kamba!" alipiga kelele binamu yake Divin, aliyekaa juu ya ua. "Utakula majani lini?"

"Nyamaza! Weye ulikatala kupanda. Uliogopa hata mukia!"

Jumamosi hiyo baba yake, Cyprien, mwenye cheo cha Ajida jeshini, alikuja kutazama kwa mara ya kwanza, akiwa na sare. Kazi yake kambini ni kufundisha wanajeshi wapya gwaride. Feza alitaka sana amwone bila kamba.

"Simama!" alisema Mama Émerence langoni.

Feza alinyoosha mgongo, akakaza macho mbele, akabana visigino. Malembe akaanza kukimbia. Divin nusura aanguke kwa kicheko.

Mama Émerence alivuta kamba mpaka farasi akatulia, kisha akatazama miguu ya mtoto.

"Feza, nani alikufundisha kusimama hivi?"

"Papa. Asubuhi, wakati ya kupandisha drapo, bendera ya inchi, tunasimama gardavu, wima kabisa. Visigino pamoja."

"Na sasa katikati ya visigino yako kuko nini?"

Feza alitazama chini. "Malembe."

"Njo vile! Unamukaza ku mbavu, yeye anasikia: twende." Akamgeukia Ajida. "Papa Feza, weye njo unaniharibishia farasi."

Ajida alicheka mpaka akavua kofia. Akaivaa tena, akasubiri farasi atembezwe hadi langoni, kisha kwa sauti ya uwanja wa gwaride akatoa amri ya kulegeza mwili:

"Repo!"

Mabega ya Feza yalishuka, magoti yakalegea, visigino vikaachana na mbavu. Malembe akasimama.

"Eh!" alisema Divin.

Mama Émerence alifungua kamba, akaitupa begani. Feza alizunguka ua peke yake. Alipofika langoni hakuna aliyetoa amri. Midomo yake tu ilicheza: repo. Malembe akasimama, akaanza kula majani chini ya nguzo.

Feza alipiga kelele za furaha hata ng'ombe wakainua vichwa. Divin alishuka kwenye ua akauliza kama zamu yake inaweza kuwa leo.

Ajida alimpigia bintiye saluti. Alikuwa amesimama wima kama fimbo, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso.

"Papa," Feza alimwambia kutoka juu, "repo!"