Sanduku la Siga Lililopelekwa Moding

Mgeni kutoka Kampala alitoa siga moja sandukuni, akaisogeza karibu na sikio na kuibonyeza kwa vidole viwili. Ilitoa mchakacho kama ganda la mahindi makavu. Akairudisha mahali pake.

"Nyabo, hii imekufa," alimwambia Brendah, akimwita bibi kwa Kiganda. "Nikiiwasha itaungua kama nyasi."

Brendah alikuwa msimamizi wa stoo katika gesti moja ya Malaba, karibu na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Mwenye gesti, Mukhtar, hakuwahi kuvuta chochote maishani. Lakini wenye mizigo waliokaa hapo wakisubiri karatasi zao waliulizia siga, zile sigara nene za majani matupu yaliyoviringwa, naye akanunua sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo la kuzihifadhi. Alimkabidhi Brendah sanduku hilo pamoja na sheria moja tu: sindano ya kipimo cha unyevu kilichobandikwa ndani isiondoke kwenye sabini. Ikishuka, aongeze maji kwenye kisponji. Ikipanda, aache kifuniko wazi kidogo.

Kwa miezi minane Brendah alikuwa akiitazama sindano hiyo kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai. Januari hii upepo mkavu ulikuwa umewapasua watu midomo, lakini sindano ilikuwa palepale, sabini.

Mukhtar hakumgombeza. Alizihesabu siga, arobaini na moja, akafunga kifuniko polepole.

"Huyu mgeni anarudi na wenzake baada ya wiki tatu," alisema. "Jaribu uone. Ikishindikana tutatupa. Hakuna mtu amekufa."

Maneno hayo ya upole yalimuuma Brendah kuliko kama angefokewa. Alimpigia simu mumewe, Quinton, dereva wa lori aliyekuwa njiani kutoka Juba.

"Peleka kwa mzee," Quinton alisema. "Amekausha tumbaku miaka thelathini. Hakuna jani asilolijua."

Brendah alilitazama sanduku.

"Uko?"

"Niko."

"Basi peleka."

Hakumwambia kwamba alimwogopa baba mkwe wake. Mzee Emong alikuwa Mteso wa Moding, mjane, naye Brendah alitoka Marachi. Tangu aolewe miaka minne iliyopita, kila alipokwenda kumwona alipiga goti na kumwamkia kwa ile sauti ya chini aliyofundishwa kwao kuwa ndiyo heshima. Mara nyingine mzee alitikisa kichwa. Mara nyingi alitazama pembeni, au akainuka na kwenda kwa ng'ombe wake huku Brendah bado anazungumza. Brendah alikuwa amekata shauri moyoni kwamba mzee hakumtaka, pengine kwa sababu hakuwa Mteso. Kwa hiyo alikuwa akimpelekea sukari na sabuni kila mwezi, akikaa nusu saa na kuondoka.

Siku ya pili alasiri alipanda boda, sanduku likiwa mapajani limefungwa kwa leso. Alimkuta mzee amekaa nje ya banda lake la zamani la kukaushia tumbaku, ambamo sasa mliwekwa mahindi.

"Yoga, baba," alimsalimu kwa Kiteso, akapiga goti.

Mzee alikuwa ameliona sanduku. Alinyoosha mikono yote miwili kulipokea, akalifungua, na kwa mara ya kwanza Brendah akamwona akitabasamu. Alinusa kwanza. Kisha alichukua siga moja, akaipitisha chini ya kidole gumba kama mtu anayepapasa uso wa mtoto, akaiweka kwenye sikio la kushoto na kuibonyeza. Brendah, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo, aliusikia mchakacho wake waziwazi.

"Hailii," mzee alisema. "Si kavu sana."

Brendah alidhani anatania. Mzee alikunja uso, akaibonyeza tena kwa nguvu zaidi. Siga ikatoa mlio ambao hata kuku aliyekuwa akidonoa karibu aliinua kichwa. Mzee akaitazama, akatazama vidole vyake.

"Vidole vinasema ni kavu," alinong'ona. "Sikio linasema hapana."

Hapo Brendah akaelewa. Miaka yote minne ilimpitia kichwani, kila salamu, kila kugeuka. Aliinuka, akazunguka upande wa kulia, akaketi karibu kuliko alivyowahi kuketi, na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto:

"Baba, ni kavu sana. Inalia."

Mzee alishtuka. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaangusha macho.

"Umejua," alisema.

"Quinton anajua?" Brendah aliuliza.

"Hapana. Watu wakijua husikii, wanaanza kukuzungumzia na wewe uko hapo hapo." Aliirudisha siga sandukuni kwa uangalifu. "Nilidhani wewe ndiye hunipendi. Unakuja, unasogeza midomo, unaondoka. Nikasema, huyu wa Marachi hata sauti yake ananinyima."

Brendah alicheka huku machozi yakimlenga. Mzee naye alicheka, kwanza kidogo, halafu sana.

Kazi ilianza na kile kipimo. Brendah alikuwa ameona kwenye simu namna ya kukijaribu. Alijaza chumvi kwenye kizibo cha soda, akaidondoshea maji mpaka ikawa kama mchanga uliolowa, bila kuyeyuka. Aliweka kizibo na kipimo pamoja ndani ya mkebe wa plastiki, akafunga kifuniko kisipitishe hewa.

"Kesho lazima kisome sabini na tano," alieleza kwa sauti kubwa. "Kikisoma kingine, kinadanganya."

"Chumvi inajua aje?"

"Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa huwa haiendi juu wala chini ya hapo."

Mzee alifikiri. "Sisi bandani tulikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kimevishwa kitambaa cha maji. Vikikaribiana, hewa imeshiba. Vikiachana, imekauka. Lakini hiyo ya chumvi ni rahisi."

Kesho yake sindano ilikuwa kwenye tisini na tatu. Brendah alihesabu kwa vidole. Kipimo kilikuwa kinazidisha kumi na nane. Ile sabini aliyoilinda kwa miezi minane ilikuwa hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili ni hewa ya Lodwar, ya jangwani," mzee alisema. "Kosa si lako. Uliamini ulichopewa."

Nyuma ya kipimo palikuwa na skrubu ndogo. Mzee alikishika, Brendah akaizungusha kwa ncha ya kisu mpaka sindano ikarudi sabini na tano. Kisha wakafuta mbao za ndani ya sanduku kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi ya chupa yasiyo na madini, maana maji ya kisima yangeacha chokaa na kuleta ukungu.

"Sasa pole pole," mzee alimwonya. "Jani lililokauka halikimbizwi. Ngozi ya nje ikinywa kabla ya tumbo, linapasuka. Bandani tulifungua milango alfajiri, umande uingie wenyewe."

Wakakubaliana kupandisha alama moja kwa siku, mpaka sitini na nane. Sanduku lilibaki Moding, na kila alasiri baada ya zamu Brendah alikwenda. Alisoma namba, mzee akageuza siga moja moja ili zote zipate sawa. Katikati ya kugeuza walizungumza. Brendah alimwambia habari za wageni wa gesti, akapayuka mpaka majirani wakasikia nani alilala na viatu. Mzee alimwambia habari za marehemu mkewe.

Siku ya sita Brendah aliona wanachelewa. Mzee alipokwenda kufunga ng'ombe, alilowesha kisponji mara mbili. Kesho yake namba iliruka hadi sabini na mbili, na siga mbili zilikuwa zimepasuka kutoka kichwa hadi mguu. Alikaa akazitazama.

Mzee alizitoa na kuziweka kando. "Mwaka wangu wa kwanza niliunguza banda zima," alisema. "Jani lote la msimu. Mama Quinton alikuja akaona moshi, akanitazama nyusi zilivyoungua, akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku nilijua nimeoa." Akaacha kifuniko wazi kidogo. "Tutasubiri."

Wakasubiri. Siku ya kumi na tisa sindano ilisimama sitini na nane, na siku mbili zilizofuata haikusogea. Siga thelathini na tisa zilirudi Malaba zikiwa laini, zinabonyea na kurudi.

Mgeni wa Kampala alikuja na wenzake wawili. Waliketi uani, wakawasha. Brendah alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Harufu imepungua kidogo," mgeni alisema baada ya muda. Mzee alikuwa amemwonya Brendah mapema kuwa harufu iliyokwisha toka hairudi yote. "Lakini inaenda vizuri. Nani amezifufua?"

"Baba yangu," Brendah alisema, na hakuongeza "mkwe."

Wiki iliyofuata Quinton alirudi, akaambiwa siri kwa idhini ya mzee mwenyewe, akalia jikoni ambako baba yake hangemwona. Brendah ndiye aliyempeleka mzee Busia kwa daktari wa masikio. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, lakini la kulia lingeweza kusaidiwa kwa kifaa, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili kukichukua.

Walipokuwa wakingoja gari la kurudi, mzee alimgusa mkono.

"Kuna kipande cha shamba nyuma ya nyumba kuelekea mto," alisema. "Tangu mwaka wa kwanza nilitaka kukuuliza utapanda nini. Sikujua nitasikiaje jibu."

"Njugu," Brendah alisema.

"Njugu? Udongo ule umechoka. Anza na kunde."

"Kwetu Marachi tunaanza na njugu."

"Kwenu Marachi kuna mvua nyingine."

Walibishana hivyo mpaka gari likaja, wakapanda, wakaendelea.