Mwenye Ghorofa

Mwashi huyu alipenda ubishi kuliko chakula. Mtu akimwambia kwamba ghorofa ni chumba kilichokaa juu ya chumba, yeye hujibu kwamba ghorofa huanza pale zege linapomwagwa juu ya kuta na ngazi ikapanda. Basi zege alikuwa amelimwaga. Ngazi nayo ilikuwa imepanda, ikala nusu ya sebule, ikatokeza juani kwenye nondo zilizosubiri chumba ambacho hakikuwa na hata tofali moja. Mtaa mzima ukamwita Mwenye Ghorofa, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, naye akapokea yote kama heshima.

Mkewe, mshona nguo, alikuwa amechoka hadi basi. Maji ya mvua yalituama juu ya zege na kupenya hadi chumba cha binti yao, na binti alikuwa na pumu. Kila mvua, mama mtu alisukuma godoro huku na huku akisikia kifua cha mwanawe kikipiga filimbi. Alitaka kitu kimoja tu, mabati. Mwashi alikataa katakata, akidai kwamba ukishaezeka juu ya zege, watu watasema hiyo ni nyumba ya chini kama nyingine. Yaani mtu mzima, tena fundi, anamwacha mtoto alale kwenye unyevu kwa ajili ya jina!

Mwishowe mshonaji alimwita mama mkwe, maana hakuna mwingine duniani ambaye mwashi alimsikiliza. Akamtandikia katika chumba hichohicho cha binti, kisha akaomba mvua kimoyomoyo.

Mama mkwe alifika na furushi lake, akapita sebuleni bila kuketi, akapanda ngazi huku ameshika magoti. Huko juu alikuta nondo na madimbwi. Mshonaji, aliyemfuata nyuma, alijua sasa mambo yameiva. Mama akauliza chumba alichoahidiwa na mwanawe kwenye simu kiko wapi.

"Ni hapo uliposimama, mama," mwashi alisema, akitokeza kwenye ngazi.

Mama akatazama huku na huku, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Alasiri mvua ikanyesha. Mama mkwe alikuwa amejilaza kando ya mjukuu wake anayekohoa, tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso. Mshonaji alisimama mlangoni, moyo ukimdunda kwa matumaini. Mama akajifuta, akasogeza mto, akamwita mwanawe. Mshonaji akamwambia mumewe asikilize vizuri.

"Mwanangu," mama alisema, "usije ukakubali kuweka mabati. Kule nyumbani nimeshawaambia wote kwamba una ghorofa."

Mwashi akamtazama mkewe kwa macho ya mshindi. Mshonaji alipandwa na hasira hadi machozi yakamlengalenga, lakini hakubishana. Ubishi ungemfaa nini, na sasa walikuwa wawili? Alilikunja godoro la binti, akalifunga kwa kamba, akamvisha mtoto sweta na kuchukua dawa yake. Mumewe akauliza, bila ushindi tena machoni, wanakwenda wapi kwenye mvua yote hiyo.

"Kwa dada," mkewe alisema. "Yeye hana ghorofa. Ila mwanangu atalala pakavu."