Sauda wa Filamu Hana Kigugumizi

Baba hakutaka kukaa mbele. Alisema anayesikiliza hana haja ya kusogelea kitambaa cha kuonyeshea filamu. Nikampeleka nyuma, karibu na kreti za bia, katika ukumbi wa baa moja ya Sinza ambako filamu iliyotokana na kitabu chake ilikuwa inazinduliwa Jumapili hiyo alasiri. Alivaa kanzu yake ya Idi. Tangu asubuhi, tukiwa bado nyumbani Tandika, hakuwa na jambo jingine mdomoni.

"Leo nitamsikia tena," aliniambia nilipokuwa namfunga vifungo.

Alikuwa anamzungumzia mama.

Mama yangu, Somoe, alikuwa na kigugumizi. Alifariki nikiwa mdogo mno, sauti yake siikumbuki, na hakuna kaseti wala simu iliyobaki nayo. Baba alimweka kitabuni, akampa jina la Sauda. Ni hadithi ya mji wa pwani unaovamiwa usiku na majini, jeshi kubwa. Majini hao hawashiki upanga. Jini anakuuliza jina, na ukimaliza tu kulitamka, unaanguka umekufa. Lakini nao wana sheria yao: wakishauliza, jeshi zima haliwezi kupiga hatua mpaka aliyeulizwa amalize kujibu. Mashujaa wa mji wanakwisha langoni, kila mmoja na jina lake. Ndipo anatoka Sauda, muuza vitumbua ambaye watu wote wanamcheka. Anaulizwa jina. Anaanza, anakwama, anaanza tena. Hamdanganyi jini, anajaribu kweli, jasho linamtoka. Kurasa nyingi anahangaika na jina lake, mpaka jua linachomoza na majini wanayeyuka. Vita yote ndiyo hiyo.

Macho ya baba yalipozima, mie niliacha shule darasa la tano nikawa macho yake. Kwa hiyo filamu ilipoanza, nilimsogelea sikioni.

"Kuna nini sasa?"

"Wanapigana, baba. Mapanga."

"Mapanga? Majini wana mapanga?"

"Wana mapanga, na wanatema moto."

Spika zilinguruma mpaka chupa zikagongana kwenye kreti. Farasi walipaa. Kijana mmoja mwenye kifua wazi, ambaye kitabuni hayumo, aliruka kutoka juu ya msikiti akakata majini vichwa, na watu ukumbini wakapiga miluzi.

"Sauda yuko wapi?"

"Bado, baba."

"Huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Mwana wa mfalme."

"Mji wangu hauna mfalme," alisema baba, kisha akatulia, kwa sababu muziki ulikuwa umekatika. Alinishika mkono. Kwenye kitambaa alisimama msichana mzuri, nywele za kununua, hana hata sinia la vitumbua. Jini mkuu akamwinamia, akamuuliza jina lake.

Baba alitega sikio.

"Mimi ni Sauda binti Sefu!" alisema msichana, kwa mara moja, safi, kama mtangazaji wa redio.

Ukumbi ukashangilia.

"Kasema?" baba aliuliza.

"Kasema."

"Lote?"

"Lote, baba."

"Na hajafa?"

"Hajafa. Mwana wa mfalme kamuua jini. Sasa anamkumbatia."

Mkono wa baba ukalegea ndani ya wangu.

Taa zilipowashwa, Fransis, mwongozaji wa filamu, alitufuata na soda mbili.

"Shikamoo mzee wangu. Umeionaje? Samahani, umeisikiaje?"

"Marahaba. Kigugumizi mmekipeleka wapi?"

Fransis alicheka kidogo, akaona baba hacheki. "Tulikijaribu, mzee. Haki ya Mungu tulikijaribu. Tukawaonyesha watu, wakacheka, wakavunjika mbavu. Tukio la huzuni watu wanacheka! Tukakitoa."

"Hata mie siku ya kwanza kumsikia mama yake huyu nilicheka," alisema baba. "Kitabuni nimewaachia nafasi ya kucheka. Wanacheka kwanza, halafu wanaona haya, halafu wananyamaza. Mngewaacha wacheke."

"Filamu haina nafasi hiyo, mzee. Mtu atafute jina lake dakika tano? Watu watatoka kwenda kuagiza bia."

Kabla baba hajajibu, mtu aliyeshika kipaza sauti alishatufikia. "Mtunzi wetu huyu hapa, jamani! Mzee Mwishehe, sema neno!"

Nilitamani nimnyang'anye kipaza sauti kile. Nilikuwa na ya kusema, tena mengi. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka kututazama, nami nikainamia viatu vya baba.

Baba alisimama, akakohoa. "Nawashukuru vijana wangu," alisema. "Mmefanya kazi kubwa. Mungu awazidishie."

Wakapiga makofi. Uungwana ule ulinichoma kuliko filamu yenyewe.

Tulipanda bajaji. Ubungo tulikwama kwenye foleni, injini ikazimwa.

"Raudha," alisema baba. "Hebu jaribu wewe."

"Nijaribu nini, baba?"

"Jina la mama yako. Alivyokuwa akilisema mwenyewe. Damu yake unayo."

Nilifumba macho. "S-s-so," nilisema. "So-so-somo..."

Nilijisikia mwenyewe. Ilikuwa kama watoto wanaochota maji bombani wanavyomwigiza mtu mwenye kigugumizi wakimkimbiza. Dereva alicheka, akaniangalia kwenye kioo, akidhani nafanya mzaha.

Baba aliondoa mkono wake begani kwangu.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Usimwigize."

Foleni ikafunguka, dereva akawasha injini. Baba aligeuza uso upande wa barabara, kama mtu anayetazama nje.